Karatasi Irudi Kinuni

Jumatatu, 3 Machi 1975. Kanga.

Zamu yangu ya kutwanga. Mabega yanawaka moto. Kutwanga karatasi ni kazi kuliko kutwanga mpunga. Mpunga angalau unajua umekwisha lini.

Leo tumemwaga pipa zima la uji wa karatasi. Mifuko ya saruji. Bi Tatu, mwenyekiti wetu wa kikundi cha sabuni, aliiokota kwenye upanuzi wa zahanati, akaja nayo mbio kama aliyeokota ambari ya thamani pwani. Tumeiloweka, tumeitwanga, ikatoa madoa meusi. Kumbe kati ya karatasi na karatasi wameweka lami. Huioni mpaka uchane. Imeshika mchi, imeshika kinu, imeshika vidole vya Bi Tatu. Nikamwambia amepaka hina bila harusi. Hakucheka.

Na yale maboksi ya sabuni ya juzi yameliwa na mende. Tuliyabandika kwa uji wa muhogo. Wamekula muhogo, karatasi wameiacha. Asubuhi nimeinua boksi moja likafunguka lote mkononi. Nimeshtuka, nikacheka, kisha nikakasirika.

Nimeandika kwa mkaa kwenye ukuta wa banda: KISICHOYEYUKA KWA MAJI KISIINGIE. Lami hapana. Nta hapana. Pini hapana. Na gundi nayo hapana, kwa ajili ya hao mende. Boksi likirudi lazima lilale majini liwe uji tena. Kama haliwezi, basi tunatengeneza takataka kwa jasho letu.

Jumatano, 5 Machi

Karatasi imekwisha. Kabisa. Nimefagia banda nikapata kipande cha gazeti, nikakisoma kabla sijakitia majini. Habari za mwaka jana.

Shida ni hii. Meneja wa duka la Kilindoni hachukui sabuni yetu ikiwa tupu. Inashika mchanga, inashika nywele, wateja wananung'unika. Anataka kila mche uwe ndani ya boksi lake. Maboksi ya bara hayaji. Karatasi hakuna hata shuleni, watoto wanaandika mchangani. Ndipo Mwalimu Joakimu, mtu wa bara aliyeletwa kufundisha hapa, alipotufundisha: karatasi kuukuu, maji, kinu, na fremu ya mbao iliyowambwa chandarua. Unachota uji wa karatasi, unaanika, unakunja. Meneja naye amekubali kitu kimoja cha maana. Mteja atachukua sabuni, boksi ataliacha dukani, lori litaturudishia. Karatasi ileile itazunguka.

Kwa hiyo tunachohitaji ni karatasi ya kuanzia tu. Hiyo ndiyo hatuna. Joakimu ametoa madaftari yote makuukuu ya shule, hayakujaza hata pipa moja.

Bi Tatu anasema tukikosa mwezi huu, sufuria zirudi ushirika na kikundi kifungwe. Amesema huku anafunga kanga yake kiunoni, kama mtu anayesema kesho tupike mchicha. Nimeumia. Hii sabuni ndiyo kazi ya kwanza ambayo wanawake wa Kanga wameiita yao.

Nimemlalamikia Mama. Natamani nisingemlalamikia.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui niandike nini.

Nimepita kwa Mama baada ya sala ya Ijumaa. Sanduku la Baba liko wazi. Mama ameketi chini na beseni la maji, maji meusi, na karatasi za Baba zimeanikwa kwenye mkeka mpaka mlangoni. Nyeupe. Tupu. Anaziosha.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Nusu ya watu wa Kanga walisoma miguuni pake, na mimi mmoja wao. Wasiojua kuandika aliwaandikia barua, na kila barua alibaki na nakala. Kasida za Maulidi alizinakili kwa mkono wake. Tangu alipofariki hakuna aliyefungua sanduku lile. Wala mimi sikuthubutu.

Nimepiga kelele. Mbele ya mama yangu mzazi. Nimesema, "Mama, umefanya nini?" Hakuinua kichwa. Alisema, "Shika upande huo, karatasi hii nyepesi, itachanika."

Sikushika. Nimeondoka. Nimetembea mpaka mashamba ya minazi bila kujua nakwenda wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi kumwomba radhi. Amenipa radhi, na amenipa beseni.

Wino wa Baba ulikuwa wa masizi. Alijitengenezea mwenyewe, masizi ya taa na utomvu wa mti. Ukiutia majini unatoka wenyewe, kama ulivyokuwa ukitoka kwenye mbao zetu za chuoni. Nilikuwa nimesahau. Kila Alhamisi tulikuwa tunaziosha zile mbao, na yale maji hatukuyamwaga njiani, kwa sababu yamebeba maneno ya Mungu na mtu asiyakanyage. Mama anafanya vilevile. Kila beseni likijaa analipeleka nyuma ya nyumba, kwenye mkomamanga uliozungushiwa ua, anamwaga shinani taratibu, midomo inacheza.

Karatasi chache zimegoma. Wino umebaki kivuli. Mama amezisugua kwa kidole, akasema macho yake hayaoni tena kama yamebaki au hayakubaki, nimwangalizie. Nimeangalia. Zile zenye jina la Mungu zimetoka safi. Hizo zilizogoma ni barua tu za watu.

Nimemuuliza kwa nini. Amesema panya wameshaanza pembe moja ya sanduku. Amesema Baba hakuandika ili panya wale. Halafu amesema lile lililonimaliza: "Umeniambia inazunguka. Mpe basi baba yako azunguke."

Nimemwahidi. Kwa mdomo wangu nimesema, "Mama, hazitapotea. Zitakwenda Kilindoni na zitarudi. Kila mara zitarudi." Ameridhika.

Bado nimeduwaa. Naandika na bado siamini nyumba ile haina tena mwandiko wa Baba.

Jumanne, 11 Machi

Zimetwangwa. Nimetwanga mimi mwenyewe, sikumwachia mtu.

Madaftari ya Joakimu yametoa uji wa kijivu, wino wa kalamu za dukani hautoki. Karatasi za Baba zimetoa mweupe. Tumechanganya. Rangi ya mchele wa Mbeya, nzuri. Vipande vidogo havikulainika, vinaonekana kama chenga. Bi Tatu anataka viokotwe. Nimesema acha. Sikusema kwa nini.

Na boksi sasa halina gundi. Nimekaa jioni mbili nakunja na kukunjua mpaka mwanangu Saidi akaniuliza kama nimerudi utotoni. Ulimi mmoja unaingia kwenye tundu, kisha kifuniko kinajibana chenyewe. Ukilivuta linafunguka bapa. Mende wakae na njaa.

Jina la kikundi nimeliandika kwa wino wa masizi, niliochanganya kama Baba alivyokuwa akichanganya. Ofisi ya kijiji ilitaka kutupa muhuri wao wa wino wa zambarau. Nimekataa. Ule hautoki hata kwenye nguo.

Nimefurahi leo. Niandike hilo pia.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Masika imetangulia, haikusubiri mtu.

Lori lilipakia sabuni zetu asubuhi jua likiwaka. Turubai lina matundu. Njia ya Kilindoni tunaijua ilivyo mbovu. Dereva ametuambia jioni: maboksi yamefika yamelala juu ya sabuni kama chapati. Meneja ameyaweka kando kwa ncha za vidole. Amesema hivi si vifungashio, hivi ni makamasi.

Makamasi! Karatasi za baba yangu!

Nimelia mbele ya dereva. Sina haya tena.

Jumatatu, 17 Machi

Jambo moja jema. Yale makamasi yamerudi na lori, tumeyatia kinuni, na kabla ya adhuhuri yamekuwa uji tena. Hakuna kilichopotea. Boksi limefanya kile tulichotaka lifanye. Kosa lake ni kukutana na maji mapema mno.

Bi Tatu na mimi tunakwenda Kilindoni kesho kumwangukia meneja na kutafuta magadi ya kupikia sabuni. Maboksi mapya nimeyaanika sebuleni kwangu, na sabuni pembeni. Shomari, mume wangu, atayapakia kwenye lori la Jumatano.

Shomari ni mtu wa Jibondo, fundi wa mashua, baba yake fundi, babu yake fundi. Wiki hizi anakarabati mashua hapa Kanga. Ameniona nimelia Ijumaa. Yeye si msemaji. Alinitengea maji ya kuoga.

Jumatano, 19 Machi. Kilindoni.

Sielewi. Naandika nimekaa kwenye gunia la chumvi nyuma ya duka.

Lori limefika katikati ya mvua kubwa. Nilifumba macho. Nikasikia meneja anacheka. Nikafumbua. Maboksi yote yamesimama. Makavu. Maji yanateleza juu yake kama kwenye jani la myugwa. Meneja amelichukua moja akalimwagia maji ya kikombe kwa makusudi, akalifungua, sabuni kavu. Akanipa mkono! Akasema, "Bibi, kumbe mnajua kazi. Yote yawe hivi. Si hivi, sichukui."

Bi Tatu amenikumbatia. Mimi nimesimama kama kigogo. Si maboksi yangu haya. Umbo langu, mwandiko wangu, lakini yamekuwa ya manjano na yanang'aa. Nimelinusa.

Mafuta ya papa.

Shomari.

Alhamisi, 20 Machi

Alinisubiri barabarani. Tabasamu lake lote nje. Kwa mtu asiyecheka, hiyo ni sikukuu.

Ameyapaka yote. Usiku kucha, kwa brashi ya kupakia mashua, ndani na nje, yale mafuta wanayopaka mbao zisinywe maji. Ameniambia aliyachemsha kwanza ili yasinuke sana. Anadhani ndilo lililoniudhi, kunuka.

Nimesema maneno mabaya. Nimemwita mtu wa Jibondo asiyejua duniani kuna kitu kingine zaidi ya kuzuia maji. Nimemwambia ameniulia baba yangu mara ya pili. Tabasamu limezimika. Amechukua shoka lake dogo akaenda kwenye mashua. Chakula hakula.

Hasira yangu haijaisha. Ila neno lile la Baba, nimelisema kwa kukusudia, na nililiona linavyoingia.

Jumatano, 26 Machi

Maulidi yamesomwa jana. Nilikuwa na hofu kuliko mtu yeyote. Miaka yote kasida zilisomwa kwenye nakala za Baba, na nakala za Baba ndizo hayo maboksi ya sabuni ya Kilindoni.

Wanawake wamekaa, matari yameshikwa. Watu wanatazamana. Hapo Mama akaanza. Bila karatasi. Beti baada ya beti, mpaka zile ambazo Baba mwenyewe alikuwa akiziruka. Wengine wakapokea. Nimemtazama mdomo wazi. Maisha yangu yote sikujua kama anazo kichwani.

Nilipomuuliza amesema, "Aliyekuwa anamshikia taa akinakili ni nani?"

Shomari na mimi bado hatusemezani. Tunapishana mlangoni.

Jumanne, 1 Aprili

Msiba.

Jana hakukuwa na lori, sikukuu ya Pasaka, Joakimu alikuwa na wageni wake. Limekuja leo alfajiri na maboksi matupu. Mimi nilikuwa nimempeleka Saidi zahanati, sikio. Niliwaambia wanawake wakiyapata wayaweke kando, wasiguse. Nilimwambia Bi Tatu. Bi Tatu anasema alisikia "wayaweke," hakusikia "kando." Hayo ni maneno yake. Mimi nasema alikuwa na haraka.

Wameyatia kwenye pipa pamoja na uji wote tuliokuwa nao. Wote. Yale maboksi hayakuloa, yameelea juu, makavu, yana kiburi. Basi wakayachana vipande vipande wakatia kinuni. Mafuta yakatoka. Nimefika nikakuta uji umekatika vidonge, kila kidonge kina mafuta. Nimeumimina kwenye fremu, haukushikana. Umetambaa kwenye chandarua ukaanguka chini kama ugali wa mgonjwa.

Nimetumbukiza mkono mpaka kiwiko nikitafuta uji mzuri chini. Haupo. Wanawake wamesimama wananitazama. Hakuna aliyethubutu kunigusa.

Lori limeleta pia ujumbe wa meneja. Anataka maboksi mengine. Ya mafuta. Mengi kuliko ya kwanza.

Bi Tatu amesema basi tuyapake mafuta, tumridhishe. Nimemuuliza, kwa karatasi ipi? Kila boksi la mafuta ni safari moja na kaburi. Tutapaka leo, kesho tutatafuta karatasi nyingine wapi? Amekaa chini kwenye kinu kilichopinduliwa. Amesema, "Si ndiyo maana nataka tufunge."

Nimeokoa boksi moja tu ambalo hawakuwahi kulichana. Moja.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku mbili nimemkwepa Mama. Leo nimekwenda.

Nimemwambia yote, nimesimama, kama mtoto wa chuo aliyevunja ubao. Kwamba niliahidi zitarudi na hazitarudi. Kwamba uji umemwagwa. Kwamba aliyefanya ni mkwewe.

Nilitegemea alie. Aniapize, chochote. Badala yake ameuliza, "Ile sheria uliyoandika ukutani mwa banda, Shomari umemsomea?"

Nimesema kila mtu kwenye kikundi anaijua.

"Shomari yuko kwenye kikundi?"

Hana kisomo cha herufi za kizungu, Shomari. Na banda lile mwanamume haingii.

Mama akasema, "Maisha yake yote ameambiwa kitu kizuri ni kile kisichoingia maji. Nani alimwambia wako ni tofauti?"

Nimetoka pale nimechomwa kuliko kama angenipiga.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemfuata Shomari kwenye mashua. Nimechukua karai la maji, karatasi tupu ya daftari la Saidi, na kipande cha yale maboksi ya mafuta. Sikuomba radhi kwanza. Nilijua nikianza na radhi nitalia na kazi haitafanyika.

Nimetia karatasi tupu majini. Imelowa, imezama, nimeipikicha kwa vidole, imekuwa uji. Nimetia ile ya mafuta. Ikaelea. Nimemwambia, "Hii ndiyo ninayoitaka," nikamwonyesha ule uji. "Nataka maji yaingie."

Amekisukuma kile kipande chini kwa kidole, kikapanda juu. Akakisukuma tena, kikapanda tena. Nikaona uso wake unavyobadilika. Ameelewa, na kuelewa kwenyewe kumempiga. Amesema, "Basi nimeyaua kweli."

Hapo ndipo nilipoomba radhi. Tumelia wote wawili pembeni ya mashua ya watu, mchana kweupe.

Jioni amekuja ameketi mlangoni. Ameuliza mvua inayapata wapi hasa, dukani au njiani. Njiani, nimesema. Akauliza sasa kwa nini unataka kila boksi lijikinge lenyewe. Akasema, "Abiria havai mashua. Anapanda mashua."

Mimi nimekunja karatasi siku zote hizi na sikuliona hilo.

Ijumaa, 11 Aprili

Shomari anaunda kasha. Mbao za mwembe zilizobaki kwenye kazi yake, kifuniko cha kubana, na kila kiungo amekikalafati kwa pamba na mafuta ya papa. Amelitengeneza kwa heshima zote za chombo. Limebaki tanga tu. Wanaume wa pwani wanamtania kwamba amejenga mashua ya kuvulia sabuni. Anatabasamu.

Kasha lina mafuta, maboksi hayana. Kasha litakwenda na kurudi. Ndani yake maboksi makavu, yasiyopakwa chochote.

Ila karatasi ya kuyatengenezea bado. Na hapa nimeshangazwa tena, sijui mara ya ngapi mwezi huu. Habari za sanduku la Baba zimeenea. Sikuzieneza mimi. Jana mama mmoja wa mtaa wa pili ameleta barua ya posa yake, ameiosha mwenyewe, amekuja nayo bado mbichi. Leo wamekuja wengine. Barua za waume waliokwenda bara wakakaa huko. Joakimu ameleta barua za ndugu zake wa bara, akasema ameshazisoma vya kutosha. Bi Tatu, yule aliyetaka tufunge, ameleta kadi ya harusi ya binti yake, akaitia kinuni haraka kabla hajabadili moyo.

Nyingi ni barua zenyewe ambazo Baba aliwaandikia watu. Karatasi yake, wino wake. Zilikuwa majumbani mwa watu muda wote huu.

Nimetwanga huku natokwa na machozi na hakuna aliyeniuliza. Lile boksi moja la mafuta nimempelekea Mama, ndilo lililobaki katika yale ya kwanza. Nilimwambia hili halirudi tena kinuni. Akasema basi likae.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimepanda lori pamoja na kasha. Nimelikalia njia nzima.

Kilindoni meneja ametoka na mwavuli. Amefungua kasha mwenyewe. Kavu. Amelichukua boksi, amelidondoshea maji kidogo kama siku ile, na maji yameingia, karatasi imevimba. Akaniangalia kwa hasira. Akasema alitaka ya mafuta.

Nimemwambia ya mafuta yalikuwa yamekwisha siku ileile alipoyapenda, hayarudi tena kuwa uji. Nimemwambia mteja hanunui sabuni mvuani, ananunua dukani mwako chini ya bati. Nimemwambia mengi, na sauti ilipanda, na watu walisimama kutazama. Nimekwishazoea kuaibika hadharani.

Amenusa boksi. Halina harufu. Kumbe wateja walikuwa wanalalamikia harufu ya papa kwenye sabuni ya kuogea, alikuwa hajatuambia. Amechukua yote. Hakunipa mkono safari hii.

Jumatatu, 28 Aprili

Maboksi yamerudi kwenye kasha. Si yote, watoto wa Kilindoni wamechezea mengine. Tumeyaloweka asubuhi, adhuhuri uji, jioni yako kwenye mikeka. Meupe kuliko mwanzo. Hakuna kelele leo bandani.

Jioni nimepita kwa Mama. Lile boksi la mafuta liko dirishani, ametia tambuu yake ya kutafuna ndani. Linanuka bado, anasema hasikii. Jua lilikuwa linaingia nyuma yake. Mafuta yameifanya karatasi ipitishe mwanga, na kwenye kifuniko nikaona kitu cheusi ndani ya karatasi yenyewe. Nikalichukua, nikatoa tambuu, nikaliinua juani.

Ni kipande kisichotwangika, mojawapo ya zile chenga. Kipande cha barua ambayo wino wake uligoma. Mwandiko wa Baba.

Mama ameuliza nimeona nini. Nimemsomea. "Baada ya salamu."

Akauliza, "Baada ya salamu nini?"

Nimemwambia pamekatika hapo.

Amenyoosha mkono, nimempa boksi lake. Amepitisha kidole juu ya kifuniko, kisha amerudisha tambuu ndani. Ameuliza kama magadi yameletwa. Nimesema yameletwa, kesho tunapika.